Kabla Hujalipia Mashine ya Ubongo, Mpeleke Mtoto Apimwe Masikio

Miezi kadhaa iliyopita alikuja katika kliniki yangu mama mmoja ambaye nimemtibu yeye na jamaa yake kwa miaka mingi. Kwa mkono mmoja alikuwa amemshika mwanawe wa kiume wa miaka sita, na kwa mkono wa pili alishika bahasha kubwa ya kaki. Ilikuwa asubuhi ya baridi, lakini mtoto alivaa fulana kuukuu iliyofifia rangi. Sweta yake ya shule, mpya kabisa, ilikuwa imekunjwa ndani ya kikapu.

"Daktari," mama akaniambia hata kabla hajaketi, "leo sikuja kutafuta dawa. Nataka unisomee karatasi hizi, halafu uniambie kama niendelee kulipa au niache."

Nilifungua bahasha. Ndani mlikuwa na picha za kichwa zilizochapishwa kwa rangi, nyekundu hapa, buluu pale, pamoja na mapatano ya malipo. Mtoto alikuwa ameandikiwa vikao 40 vya mafunzo ya mawimbi ya ubongo, yaani nyurofidibaki, kwa shilingi 4,000 kila kikao. Jumla yake ni shilingi 160,000. Mama alikuwa amekwisha kulipia vikao 12, shilingi 48,000, na fedha hizo alikopa katika chama cha akina mama wenzake.

Mama huyu amenikubalia niandike habari zake, na mambo machache nimeyabadilisha ili yeye na mtoto wasitambulike. Ninaziandika kwa sababu najua si yeye peke yake. Katika miji yetu wako wazazi wengi wanaotafuta usiku na mchana msaada kwa mtoto wa namna hii, na kila anayetafuta sana hukutana na mtu anayeuza.

Mtoto mwenyewe

Acha kwanza nikueleze habari za mtoto. Kengele ya shule ikilia, huziba masikio na kujificha chini ya dawati. Jirani akiwasha mashine ya kusagia matunda, hulia mpaka akatapika. Sweta ya shule anasema "inamuuma", na kile kitambaa kidogo kilichoshonwa kwenye ukosi wa shati ni lazima kikatwe. Kumchana nywele ni vita. Chakula chake ni wali, mkate na viazi, na akiguswa na mchuzi mkononi hupiga mayowe kana kwamba ameungua. Lakini mtoto huyo huyo hupenda kujibana kati ya godoro na ukuta, na anaweza kujizungusha papo hapo kwa muda mrefu bila kupata kizunguzungu.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Majirani walisema mtoto amedekezwa, wakamtupia mama ile methali ya mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwalimu alisema ni mtundu. Nyanya yake alisema kuna mtu aliyemtazama kwa jicho baya.

Na mimi daktari nilisema nini? Nilifungua faili yake nikajisomea mwenyewe. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu mama aliniletea malalamiko haya haya. Niliandika mstari mmoja tu: "Mtoto mzima, mama ameambiwa asiwe na wasiwasi." Nilimwambia kwamba atakua tu na mambo hayo yatamtoka. Sikumpa zaidi ya dakika tano, maana foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Hili ndilo jambo la kwanza ninalotaka kusema leo. Mama huyu hakuipenda mashine ile bure. Aliipenda kwa sababu watu wa mashine walimketisha chini kwa saa nzima wakamsikiliza. Aliniambia wazi: "Daktari, wewe uliniambia atakua. Wao waliniamini." Sikuwa na la kujibu.

Si deko, si utundu

Shuleni tulifundishwa kwamba binadamu ana milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Iko mingine ambayo hatukutajiwa. Ndani ya sikio mna kiungo kinachouambia ubongo kama mwili umesimama wima, umeinama au unazunguka. Ndani ya misuli na maungio mna vipokezi vinavyouambia ubongo mkono uko wapi na mguu uko wapi, hata mtu akifumba macho. Habari zote hizo huingia ubongoni kwa wakati mmoja, na kazi ya ubongo ni kuzichuja. Wewe unayesoma gazeti hili husikii tena uzito wa saa mkononi mwako wala mshono wa soksi yako, kwa sababu ubongo wako umeamua kwamba habari hizo hazina maana kwa sasa.

Kuna watoto ambao mchujo huo haufanyi kazi kama wetu. Wengine hupokea mno, na kwao honi ya matatu ni kama kupigwa kofi. Wengine hupokea kidogo mno, nao hutafuta msukosuko kwa kuruka, kujigonga na kujizungusha. Wengine, kama mtoto niliyemtaja, huwa na yote mawili.

Aliyeyaandika mambo haya kwa mapana kabla ya wengi ni mtaalamu wa Marekani aliyeitwa Jean Ayres, ambaye kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka wa 1972. Tangu hapo madaktari wamebishana. Mwaka wa 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa ushauri kwamba shida hii isitumiwe kama jina la ugonjwa unaojitegemea, na kwamba mtoto mwenye dalili hizi achunguzwe vizuri kama ana jambo jingine, kama vile usonji au lile tatizo la kukosa umakini na utulivu linaloitwa ADHD. Mwaka uliofuata, 2013, kitabu ambacho madaktari wa akili wa Marekani hutumia kutambua magonjwa kilikataa kuliweka jina hilo peke yake, lakini kikakubali kwamba kuhisi mno au kuhisi kidogo mno ni mojawapo ya dalili za usonji.

Usinielewe vibaya. Mabishano hayo ni juu ya jina. Hakuna daktari anayejua kazi yake atakayekuambia kwamba mtoto anayetapika kwa kelele anaigiza. Mateso yake ni ya kweli. Kinachobishaniwa ni yaitwe nini, na yatibiwe vipi.

Mashine hii inafanya nini?

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Daktari Mjerumani Hans Berger, wa mji wa Jena, aliurekodi umeme huo kwa binadamu mwaka wa 1924 akatangaza matokeo yake mwaka wa 1929. Kipimo chake ndicho tunachokiita EEG, na hapa Kenya tunakitumia hasa kwa wagonjwa wa kifafa. Mawimbi ya umeme huo yana mwendo mbalimbali. Mtu akisinzia huenda polepole, na akiwa macho kazini huenda kasi.

Katika miaka ya 1960 mtafiti Barry Sterman wa Chuo Kikuu cha California, mjini Los Angeles, aligundua kwamba paka wanaweza kufundishwa kuongeza wimbi fulani la ubongo kwa kupewa chakula kila linapotokea. Baadaye, katika utafiti mwingine juu ya sumu ya mafuta ya roketi, ilionekana kwamba paka waliopata mafunzo hayo walichelewa kushikwa na kifafa kuliko wenzao. Mwaka wa 1972 alitoa habari za mgonjwa wa kifafa aliyefundishwa vivyo hivyo, na mwaka wa 1976 Joel Lubar wa Tennessee akaeleza alivyojaribu njia hiyo kwa mtoto asiyetulia. Kwa hivyo, msomaji, hii si hadithi ya wapiga ramli. Ilianzia kwa wanasayansi hasa.

Siku hizi mtoto huketishwa mbele ya kompyuta akabandikwa vidude vya kupokelea umeme juu ya ngozi ya kichwa kwa malai inayonata. Mashine haimtii umeme wowote, inasikiliza tu. Kwenye kioo kuna mchezo au katuni. Mawimbi yake yakienda yanavyotakiwa, katuni huendelea. Yakipotoka, katuni husimama au hufifia. Matumaini ni kwamba ubongo utajifunza wenyewe njia ya kupata zawadi, kama mtoto anavyojifunza kuendesha baiskeli bila kuelezwa kila msuli ufanye nini.

Hapo hapo utaona shida moja. Mtoto wetu, ambaye hawezi kuvumilia kitana kichwani, ndiye anayetakiwa avumilie malai na nyaya kichwani nusu saa nzima. Mama aliniambia kwamba vikao vitatu vya kwanza viliisha kwa kilio, na vililipiwa kama vingine. Shida ya pili ni kwamba umeme wa misuli ya uso na kope una nguvu kuliko ule wa ubongo. Mtoto akikunja uso, akitafuna au akipepesa macho, mashine inaweza kupokea hayo ikadhani ni ubongo.

Utafiti unasema nini?

Tatizo ambalo mashine hii imepimwa kwalo zaidi kwa watoto ni ADHD. Huko Marekani watafiti waliwachukua watoto 144 wa miaka 7 hadi 10 wakawagawa makundi mawili. Kundi la kwanza lilipata mafunzo halisi. Kundi la pili liliketishwa mbele ya mashine ile ile, kwa idadi ile ile ya vikao, 38, lakini mchezo wao uliongozwa na mawimbi yaliyorekodiwa zamani, si yao. Watoto, wazazi na waliowahudumia hawakujua nani yuko kundi gani.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2021, nayo yanafaa yasomwe taratibu. Watoto waliopata mafunzo halisi walipata nafuu. Waliopata mafunzo ya bandia nao walipata nafuu, tena kwa kiasi ambacho hakikutofautiana na wenzao kwa maana yoyote. Mwishoni mwa mwaka wa 2024 jarida la JAMA Psychiatry lilitoa uchambuzi wa majaribio 38 yenye washiriki 2,472. Pale ambapo waliopima hali ya mtoto hawakujua ametibiwa vipi, mashine haikuonyesha faida ya maana kwa dalili za ADHD, isipokuwa wepesi wa kufikiri ulioongezeka kidogo.

Hiyo ni ADHD, iliyochunguzwa kwa miaka mingi. Kwa shida ya milango ya fahamu ushahidi ni haba zaidi: ni tafiti ndogo ndogo, nyingi zikiwa hazina kundi la kulinganisha. Mtu anayekuambia leo kwamba mashine hii inaponya shida hiyo anakuuzia matumaini yake kwa bei ya dawa iliyothibitishwa.

"Lakini Daktari, ametulia"

Nilipomweleza mama haya alinyamaza, kisha akasema neno ambalo kila mzazi angelisema: "Lakini Daktari, mimi nimeona kwa macho yangu. Tangu aanze kwenda kule, ametulia kidogo."

Namwamini. Nawe, msomaji, usidhani kwamba mzazi wa namna hii ni mjinga. Watoto wa lile kundi la bandia pia walitulia, na wazazi wao hawakusema uongo. Basi tujiulize ni nini kilichowatuliza, ikiwa si mawimbi.

Tazama vile mwanawe anavyopelekwa kule. Mara mbili kwa juma mama anaomba ruhusa kazini. Wanapanda gari wawili tu, bila ndugu zake. Wanafika katika chumba kimya chenye mwanga hafifu, na mtu mzima anamwita mtoto kwa jina, anamsifu kila akifanya vizuri na hamkaripii akikosea. Kisha wanarudi nyumbani polepole, mama akimuuliza mchezo ulikwendaje. Nyumbani nako mambo yamebadilika, kwa maana tangu baba aambiwe kwamba tatizo liko ubongoni, ameacha kumchapa. Juu ya hayo yote mtoto anakua, na hata majuma machache ni muda mrefu kwa mtoto wa miaka sita.

Mambo hayo yote yana thamani kubwa. Ninachosema ni kwamba mengi kati yake hayahitaji shilingi 160,000. Chumba kimya, ratiba isiyobadilika, sifa badala ya viboko, na saa ya mama peke yake: hivyo vyote tungeweza kumwandikia katika cheti cha daktari tangu alipokuwa na miaka mitatu, kama ningeketi nikasikiliza.

Fanya haya kwanza

Kama mtoto wako ana dalili nilizozitaja, anza na uchunguzi wa kawaida. Apimwe masikio. Nta iliyoganda, usaha wa muda mrefu au maji nyuma ya ngoma ya sikio huweza kumfanya mtoto asikie vibaya leo na vizuri kesho, akaonekana mkaidi. Apimwe macho. Aulizwe habari za usingizi, na apimwe damu kama rangi yake imepauka au anakula vyakula vichache mno. Kama kuna nyakati anapotulia ghafla akikodoa macho bila kusikia akiitwa, daktari afikirie kifafa, na hapo EEG ya hospitali ina kazi yake. Kama ana shida ya kuzungumza, hatazami watu usoni, hachezi na wenzake au hurudiarudia mambo yale yale, aangaliwe kama ana usonji.

Pili, muulizie mtaalamu wa tiba ya shughuli, ambaye hospitalini wengi humwita mtu wa OT. Hawa hufundishwa humu humu nchini, katika chuo cha KMTC kwa mfano, na hospitali nyingi kubwa za umma zina idara yao. Kazi yao ni kumsaidia mtu kumudu mambo ya kila siku: kuvaa, kula, kushika kalamu, kucheza. Viko pia vituo vya serikali vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, ambavyo vilianzishwa mwaka wa 1984 kwa msaada wa Denmark. Ofisi ya elimu ya eneo lako itakuelekeza kilipo cha karibu.

Sitaki nikudanganye upande huu pia. Tiba ya bembea, mipira na brashi inayotumiwa kwa watoto hawa nayo haijathibitishwa kwa wote. Jaribio moja la Uingereza na Wales lililokuwa na watoto 138 wenye usonji, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka wa 2022, halikuona kwamba iliwapunguzia ghadhabu kuliko huduma za kawaida. Ndiyo sababu wale madaktari wa watoto wa Marekani walishauri kwamba mzazi akianza tiba ya namna hii awekewe muda na shabaha. Usiseme tu "nataka apone." Sema: "Nataka katika miezi mitatu aweze kuvaa sweta mpaka saa nne." Andika tarehe ukutani. Ikifika bila mabadiliko, simama ufikirie upya.

Tatu, punguza mateso yenyewe. Sweta mpya ifue mara nyingi kabla hajaivaa, au mnunulie ya mitumba iliyokwisha lainika. Vaa fulana ya pamba ndani. Kata vitambaa vya ukosini. Umwambie mapema kabla ya kuwasha mashine yoyote yenye kelele. Mwombe mwalimu amketishe mbali na mlango na kengele, na amruhusu atoke dakika moja kabla haijalia. Mtoto anayetafuta msukosuko mpe kazi za kutumia nguvu: akande unga wa chapati, abebe kidumu cha maji, asukume kiti, abembee kwenye kamba. Na usimchape. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, na kwa mtoto ambaye kuguswa tu ni maumivu, kiboko humfundisha kuogopa na si kingine.

Na sisi wakazi wa miji tuna sehemu yetu. Nchi yetu ina kanuni za kuzuia kelele tangu mwaka wa 2009, lakini gari likipita mtaani na muziki wa kutikisa madirisha, sote tunanyamaza. Mtoto anayeziba masikio anasema jambo ambalo sisi tumezoea kulivumilia.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Huenda baada ya haya yote bado unataka kuijaribu mashine. Fedha ni zako na mtoto ni wako. Madhara yake mwilini kwa kawaida si makubwa, labda uchovu au kuumwa na kichwa. Hasara iko mfukoni, na katika muda ambao mtoto angepata msaada mwingine. Basi kabla ya kulipa, uliza maswali haya matano.

Je, anayeshughulika na mtoto amesomea nini, na amesajiliwa wapi? Akijiita daktari, jina lake lazima liwe katika daftari la Baraza la Madaktari, ambalo mwananchi yeyote anaweza kulitazama kwenye intaneti.

Je, kabla ya kumfunga nyaya alitaka kujua kama mtoto amepimwa masikio, macho na kifafa?

Je, shabaha ni nini, na itapimwa na nani asiyekuwa yeye? Mwalimu ambaye hajui kama mtoto anatibiwa ni shahidi mzuri kuliko ramani ya rangi.

Je, naweza kulipia vikao vichache nikaacha, au ni lazima nilipe vyote mbele?

Je, ananiambia niache dawa za kifafa au nyingine alizopewa mtoto na hospitali? Akisema ndiyo, chukua mtoto wako uondoke.

Yule mtoto

Mama yule alirudi kwenye kituo kile na maswali hayo. Swali la masikio halikujibiwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameliuliza. Nilimpeleka mtoto kwa mtaalamu wa masikio, naye akakuta maji nyuma ya ngoma ya sikio la kushoto. Hilo linafuatiliwa. Sisemi kwamba ndilo lililokuwa tatizo lote, kwa maana sikio haliwezi kueleza habari za sweta na mchuzi. Kwa hayo mengine anaonwa na mtaalamu wa OT katika hospitali ya umma, na vilevile amepangiwa kuchunguzwa kuhusu usonji, jambo ambalo lingefaa lifanyike miaka mitatu iliyopita.

Vikao 28 vilivyosalia mama hakuvilipia. Deni la chama bado analilipa. Mtoto sasa anavaa sweta ya mitumba, rangi yake imefifia kuliko za wenzake, na mwalimu mkuu amekubali. Kengele bado inamsumbua. Lakini hajifichi tena chini ya dawati. Hutoka nje dakika moja kabla, akasimama karibu na ukuta wa jikoni mpaka ilie iishe, kisha anarudi darasani.

Nami nimebadilisha jambo moja katika kliniki yangu. Mzazi akija na malalamiko ya namna hii simpi jibu siku hiyo katika foleni. Namwambia arudi alasiri ya siku fulani, tuketi nusu saa. Si dawa, lakini imenizuia kuandika tena ule mstari wangu.

Kwa hivyo, mpenzi msomaji, ukikutana na daktari atakayekuambia kwamba mtoto wako "atakua tu", usiinuke kitini bado. Muulize kwa heshima: "Atakua mpaka lini, Daktari, na leo nifanye nini?" Kama ningeulizwa hivyo siku ile, huenda mama yule asingekuwa na deni.